Nashona miili ya watu kwa kitambaa. Nifanyeje ilegee bila kuporomoka?

mshono_mwanga (Kigoma)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanga. Nashona sare za shule, magauni ya vitenge, na sare za kina mama wa vikoba msimu wa harusi ukifika. Swali langu leo halihusu nguo, linahusu mwili unaovaa nguo.

Nataka kutengeneza wanawake watatu wa kitambaa, ukubwa wa mtu mzima, waliokaa chini. Ni wale mama wanaoanika dagaa Kibirizi. Nawafahamu kwa tepu. Ukimpima mtu miaka na miaka unamjua kuliko anavyojijua: huyu bega la kulia limeshuka kwa kubeba ndoo mkono uleule, yule mgongo umejaa hapa chini ya shingo, mwingine tumbo limelalia upande tangu alipofanyiwa upasuaji wa uzazi. Nikimshonea gauni, kazi yangu ni kuyaficha hayo yote. Bega moja naliwekea pedi, dati, ule mkunjo mdogo unaoshonwa ili nguo ifuate mwili, naihamisha kidogo, anatoka kibandani amenyooka na mimi nalipwa. Sasa nataka nishone kilekile ninacholipwa kukificha. Nakiona kizuri, nakiona kila siku, na hakuna anayekionyesha.

Mtu ataniuliza kwa nini sichongi mti. Sanamu za mti nazipenda sana, lakini mti unajishikilia wenyewe. Mama aliyekesha akisubiri mitumbwi, akanunua alfajiri, akaanika, jua likishapanda anakaa mchangani na mwili wote unashuka: tumbo linalala juu ya mapaja, mikono inalala magotini viganja vikitazama juu, kidevu kinaelekea kifuani. Kitambaa kinashuka namna hiyo bila kulazimishwa.

Tatizo langu ni kwamba kinashuka mno. Mmoja nimeshamwanza. Mkono nikiujaza sana unakuwa kama soseji, hauna kiwiko wala kifundo. Nikipunguza, baada ya siku chache pamba yote imeteremka na huku juu imebaki ngozi tupu. Shingo haikai kabisa. Na nikimkalisha, kiuno kinapata mkunjo mmoja mkali katikati, mkunjo ambao mwili wa mtu hauna. Ngozi ni kitenge cha pamba, ndani nimejaza pamba ya mito.

Halafu kuna suala la nguo zao. Nilitaka ngozi ya sanamu iwe kanga zao kuukuu, zile zilizopauka kwa jua na jasho. Mmoja kanipa kwa furaha. Mwingine amekataa, mama mkwe wake amemwambia mtu anaweza kuchezewa kupitia nguo aliyoivaa. Simlaumu hata kidogo, ila nataka kujua wenzangu mngefanyaje. Na jirani yangu mwenye asili ya Ujiji ananiambia watu wa kwao hawatapenda sanamu yenye uso.

Naombeni msaada, hasa wa kijazo na shingo.

makochi_ngambo (Tabora)

Marahaba mwanangu. Nimetengeneza makochi na magodoro hapa Tabora tangu zama za sufi, yaani pamba ya mti wa msufi, na makumbi, kabla sponji haijajaa madukani, kwa hiyo hayo unayoyaeleza vidole vyangu vinayajua.

Anza na huo mkunjo wa kiuno, maana ndiyo mzizi wa mengine. Umemkata mtu aliyesimama, kisha unamkunja akae. Kitambaa cha mbele kinazidi, cha nyuma kinapungua, ziada yote inakimbilia katikati. Mkate akiwa ameshakaa. Mchukue mmoja wa hao mama, mkalishe chini anavyokaa mwenyewe, umvishe tisheti kuukuu ya kubana na suruali ya kubana, kisha umzungushie ile gundi ya karatasi ya wapaka rangi, vipande vifupi vifupi, mpaka mwili wote ufunikwe. Usimkaze akashindwa kupumua, na shingoni usiguse. Kwa kalamu chora mistari mahali unapotaka mishono ipite: ubavuni, chini ya ziwa, kwenye nyonga, katikati ya mgongo. Pasua nyuma kwa mkasi taratibu, mvue. Utabaki na ganda lake alilokalia. Likate kufuata ile mistari, lilaze mezani, na mahali palipogoma kulala pakate dati. Hayo ndiyo makaratasi yako ya kukatia. Utashangaa jinsi kipande cha mgongo kilivyo kirefu na cha tumbo kilivyo kifupi. Bega lililoshuka litakuwemo bila wewe kulitafuta.

Mkono wewe mwenyewe unajua kuushona. Mkono wa koti la suti una vipande viwili, cha nje kirefu na cha ndani kifupi, ndiyo maana unapinda kidogo hata koti likiwa limetundikwa. Shona mkono wa mama hivyohivyo, na pale kiwikoni upande wa nje weka dati mbili ndogo. Goti nalo ni hivyo.

Sasa kijazo. Acha kujaza kila mahali kitu kimoja. Kalio la mtu aliyeketi ni zito na gumu, tumbo ni laini lakini linasukuma, ziwa la mama aliyenyonyesha lina uzito chini na juu karibu halina kitu, ugoko hauna nyama kabisa. Kila mahali pape chake. Chini kwenye makalio na mapaja yanayogusa ardhi weka vifuko vya mchanga. Mchanga si mnao hapo hapo; uchekeche, uoshe, uanike hadi ukauke kabisa, uufunge kwenye vifuko viwili, kimoja ndani ya kingine, vya kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Hivyo ndivyo vitakavyomkalisha asianguke hata mtoto akimgonga. Juu yake weka matambara, yale mabaki unayoyafagia jioni. Ukiyakatakata madogo yanashikana vizuri na yana uzito kuliko pamba. Kifua, mikono na kichwa weka sufi.

Sufi ina tabia yake. Nyuzi zake zinateleza, hazishikani, ndiyo maana hakuna anayeisokota uzi peke yake. Ukiimwaga kwenye mkono mtupu itateremka yote. Kwa hiyo usiimwage. Tenga vyumba: bega hadi kiwiko chumba kimoja, kiwiko hadi kifundo kingine, kati yake ukuta wa kitambaa ulioshonwa pande zote. Godoro la sufi tulilishona hivyo hivyo, vinginevyo mtu anaamka amelalia chaga. Na uwe mbali na jiko na kibatari unapoifanyia kazi, inashika moto upesi mno. Funga pua pia, vumbi lake linakereketa.

Ukishamaliza kujaza, chukua shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, na uzi mnene wa nailoni. Unaingia nyuma, unatokea mbele, unarudi karibu na hapo ulipotokea, unavuta, unafunga. Ndivyo vifungo vya kochi vinavyozama. Kitovu ni uzi uliovutwa. Mfereji wa mgongo ni uzi uliovutwa kutoka juu hadi chini, hatua kwa hatua. Nyuma ya goti, kwapa, mistari ya kiganja, vyote utavipata kwa shazia. Vuta kidogo kuliko unavyotamani, subiri hadi kesho, ndipo uongeze, kwa sababu kijazo kinaendelea kutulia usiku kucha.

Shingo usiidai kitambaa. Chukua bomba la plastiki la maji la nusu inchi, lipashe moto ulipinde kufuata mgongo wake, kutoka kisogoni hadi nyonga, na chini ulikaze kwenye kibao anachokalia. Lizungushie matambara ndipo ufunike. Ila umesema kidevu chake kinaelekea kifuani. Basi mbele ya shingo kata kipande kifupi na nyuma kirefu, kichwa kijae sufi tupu kiwe chepesi, na kitainama chenyewe hadi ulipopanga na hapo kitasimama.

Kitenge kipya kina wanga, kinadanganya mkono. Fua kwanza, mara mbili. Mimi ningetumia merikani, kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi, iliyofuliwa kama ngozi ya ndani, kanga ije juu. Kalio, ziwa na shavu kata mshazari ili kitambaa kivutike kufuata duara. Mgongo na ugoko kata sawasawa na uzi, hapo hutaki kivutike.

mwalimu_wa_kuchora (Tabora)

Mzee amemaliza ufundi, mimi niongeze kidogo kwamba hauko peke yako, dada, na hao wenzako walikuwa na swali lako hilohilo.

Louise Bourgeois alizaliwa Paris mwaka 1911. Wazazi wake walikuwa na karakana ya kutengeneza mazulia ya kutundika ukutani yaliyochakaa. Mazulia hayo huchakaa zaidi chini, kwa hiyo miguu ya watu waliofumwa humo ndiyo inayopotea kwanza, na yeye akiwa binti alikuwa akichora miguu iliyokosekana ili mafundi waifume upya. Alihamia New York mwaka 1938, akachonga mti, marumaru, akamimina shaba. Alipopita miaka 80 akarudi kwenye kitambaa. Akazichukua nguo zake za zamani, taulo na shuka, akashona vichwa na miili ya wanawake, wenza waliokumbatiana, akina mama na watoto. Mishono mingi aliiacha nje, mikubwa, ya mkono, unaona kabisa uzi ulipopita. Mwaka 2001 alitengeneza watu saba wa kitambaa cha waridi waliolala kitanda kimoja wamekumbatiana. Nakushauri ufikirie hilo la mishono. Wewe umefundishwa kugeuza nguo ili mshono uende ndani. Kwenye kazi hii jaribu kuuacha nje.

Mwingine ni Dorothea Tanning, Mmarekani, aliyekuwa mchoraji hadi alipokaa kwenye cherehani yake ya Singer katika miaka ya 1960. Kuna mwili wake wa kitambaa cha waridi uliolala, wa mwaka 1969 hadi 1970, uko kwenye makumbusho ya sanaa ya Tate, London. Kaujaza sufu ya kondoo, na ndani akapanga mipira midogo iwe pingili za uti wa mgongo, zinatokeza chini ya kitambaa. Mama yako mwenye mgongo uliojaa chini ya shingo angefaidika na mbinu hiyo.

Na Senga Nengudi, mzaliwa wa Chicago. Baada ya kuzaa, katikati ya miaka ya 1970, alichukua soksi ndefu za nailoni za wanawake, zilizokwisha kuvaliwa, akazijaza mchanga, akazivuta na kuzipigilia ukutani. Hakuna kichwa wala mkono, lakini mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mimba anaelewa kinachovutwa pale. Soksi hizo kwenye mitumba hazina bei. Kwa ziwa lile alilolieleza mzee, mchanga kidogo chini na soksi juu, kisha kanga, hutapata kitu bora zaidi.

mkunga_mstaafu (Kasulu)

Mwanangu, wengi hapa watadhani mwili wa kitambaa ni mambo ya maonyesho tu. Sisi wakunga tumefundishwa kwa mwili wa kitambaa. Chuoni tulikuwa na nyonga ya plastiki na mtoto wa kitambaa mwenye kichwa kigumu, tukimpitisha na kumzungusha mpaka mikono izoee, ndipo turuhusiwe kusogea karibu na mama.

Na hilo lina historia ndefu. Ufaransa kulikuwa na mkunga aitwaye Angélique du Coudray. Mwaka 1759 mfalme Louis XV alimpa idhini azunguke nchi nzima kufundisha ukunga wanawake wa vijijini, ambao wengi hawakujua kusoma. Akawashonea mwili: nyonga na mapaja ya mama vya kitambaa na ngozi vilivyojazwa, mtoto wa kuingizwa na kutolewa, kamba za kukaza na kulegeza njia ya uzazi. Mmoja bado upo kwenye makumbusho huko Rouen, na walipoupiga eksirei waliona ndani yake nyonga ya mfupa halisi wa mtu. Alifundisha kwa miaka mingi, maelfu ya wanawake walipita mikononi mwake. Fikiria, mshono mzuri au mbaya wa kitambaa kile ulikuwa na maana kwa uhai wa mtoto.

Nakwambia haya kwa sababu nimesoma maelezo ya mzee wa makochi na nimeona jambo moja halijasemwa. Mnaongelea mgongo na shingo, lakini mtu aliyeketi ameketi kwa nyonga. Mama aliyechoka hakalii yale mafupa mawili ya makalio wima. Nyonga imelala nyuma, amekalia karibu na kitokono, na kutoka hapo mgongo unapinda wenyewe, mabega yanakuja mbele, kichwa kinafuata. Ukimpinda kuanzia mabegani, utapata mtu anayejifanya kuchoka. Hivyo vifuko vya mchanga vya makalio visukume nyuma kidogo, cha chini ya kitokono kiwe bapa, uone mwili wote unavyobadilika.

Kuhusu mama wa upasuaji: kama kovu lake ni la wima kutoka kitovuni, tumbo linagawanyika pande mbili na upande mmoja hulala zaidi. Kama ni la mlalo juu ya kinena, nyama ya tumbo inaning'inia juu ya kovu na chini yake pamebonyea. Muulize kwa upole ni lipi, usibuni. Atakuambia, wanawake wanapenda kuulizwa na mtu anayejali.

mtoto_wa_ujiji

Dada, jirani yako hajakosea. Hapa Ujiji sanamu yenye macho na mdomo itawakwaza wazee wengi, na dini inawapa sababu. Lakini kwa maelezo yako hao mama wameinamisha vichwa. Uso unahitajika wa nini? Wafunike kanga kichwani mpaka usoni, kama wanavyojitanda kujikinga jua.

Kuna mwanamke wa Poland, Magdalena Abakanowicz, kati ya mwaka 1976 na 1980 alitengeneza migongo 80 ya watu walioketi, kwa kitambaa cha magunia kilichogandishwa kwa gundi. Haina vichwa, mbele iko wazi kabisa, ni ganda la mgongo tu. Nimeiona kwenye picha na sikuhitaji uso wa yeyote kujua walivyokuwa. Kazi zake za mwanzo alizifuma kwa katani, nyingine akifumua kamba kuukuu za bandarini.

Kwa nguo, yule aliyekataa mwache na kukataa kwake, wala usimtume mtu akamshawishi. Nunua kanga mpya, uipaushe mwenyewe juani na kwa kuifua mara kwa mara. Yule aliyekupa, ifue mbele yake na mabaki yote umrudishie, hata uzi. Akiona hakuna kipande kilichobaki kwako, huenda na mwenzake roho ikatulia. Isipotulia pia ni sawa.

mshono_mwanga (Kigoma)

Ahsanteni sana, nimesoma yote na kurudia.

Mzee, la kumkata akiwa ameshakaa limenifungua. Nimeshampata mama wa kumzungushia gundi, yule yule aliyetoa kanga, amesema atakuja Ijumaa kwa sababu mwezi umejaa na mitumbwi haiingii ziwani. Bibi mkunga, shikamoo, kovu ni la wima, nilimuuliza yule wa upasuaji jana naye akanionyesha mwenyewe bila kusita. Akaniambia nisilipunguze.

Mwalimu, hilo la kuacha mishono nje nakubali nusu. Nikiiacha yote nje watu watatazama mishono na kumsahau mama. Nitaificha mwili mzima kwa kadiri ninavyojua, na nitaiacha wazi mahali pawili: kwenye kovu la tumbo, kwa uzi mnene wa mkono, na kwenye bega lililoshuka, pale ambapo siku zote naweka pedi.

Kwa pingili za mgongo nimepata mipira ya tenisi ya meza. Kwa vidole nimejaribu kokwa za mchikichi, hapa mawese yanakamuliwa kila mahali na kokwa ni za bure. Nimezikausha juani, nikaweka moja kwa kila kifundo cha kidole na uzi umekazwa huku na huku. Vidole vimepata mifupa. Kiganja kikilala juu ya goti vinajikunja vyenyewe kidogo, hasa kile cha mwisho.

Ndugu wa Ujiji, nitawafunika nyuso. Nilikuwa nawaza midomo itanishinda, na sasa naona sikuwa naihitaji.

Swali moja limebaki. Sufi hapa naipata kidogo kidogo na bei yake si ya mtu kama mimi. Naweza kuweka sponji iliyokatwakatwa vifuani badala yake?

makochi_ngambo (Tabora)

Sponji usiweke kifuani mwanangu. Ukiibonyeza inarudi ilivyokuwa, na ziwa la mama huyo halirudi. Pia baada ya miaka kadhaa inageuka unga wa njano, na joto la Kigoma litaiharakisha.

Sufi usinunue. Nina msufi nyuma ya nyumba, maganda yamepasuka na watoto wameshaokota. Nitakujazia gunia, litapanda treni. Nitumie namba kwa ujumbe wa pembeni nikujulishe siku. Mbegu sijazitoa zote, zichambue kabla ya kujaza, panya wanazipenda. Na uje stesheni na mkokoteni, gunia halina uzito lakini kwenye bajaji halitaingia.